Bahati sio kukosa sababu

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa kawaida nikikuta kwenye gazeti kitu cha sayansi ambacho hakijakaa sawa nakunja gazeti naendelea na kazi zangu, lakini hii ya wiki mbili zilizopita imenishinda. Mliandika, tena kwa herufi kubwa, kwamba fizikia ya kwanta, ile inayohusu vitu vidogo kama atomi, imethibitisha kuwa mambo hutokea bila sababu. Wiki iliyofuata mkatoa barua ya msomaji akijibu kwamba hapana, sayansi ilishathibitisha zamani kuwa kila kitu kimepangwa tangu mwanzo na kinachoitwa bahati ni ujinga wetu tu. Sasa wote wawili wamelishika neno kuthibitisha kama vile halina uzito, na wote wawili nadhani wamekosea, japo kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi.

Ningenyamaza kama sio mwanafunzi wangu mmoja. Alikuja na ule ukurasa umekunjwa ndani ya daftari, akasubiri wenzake watoke, akaniuliza, "Mwalimu, kwahiyo ugonjwa wa mama hauna sababu? Umetokea tu?" Mama yake anaumwa saratani na yuko kwenye matibabu ya mionzi. Sikuwa na jibu la haraka, nikamwambia tutaongea, na mpaka leo naona nilimwangusha mtoto yule. Ninayoyaandika hapa ndo yale niliyopaswa kumwambia siku ile ile.

Tuanze na neno lenyewe maana hapo ndo vurugu inapoanzia. Tukisema "bahati" tunarundika vitu tofauti kwenye kapu moja. Kuna sadfa kwanza: wewe umetoka kwenda kumwona mgonjwa, mtu unayemdai naye katoka kwake kwenda msibani, mnakutana njiani uso kwa uso. Safari yako ina sababu, ya kwake ina sababu, ila hakuna aliyepanga mkutane. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle alishaeleza bahati ya namna hii zaidi ya miaka 2300 iliyopita, kwa mfano unaofanana na huu, na sio fumbo kubwa. Njia mbili zimekatana, basi.

Alafu kuna bahati ya sarafu. Chukua sarafu iweke juu ya kidole gumba, irushe. Ikishaachana na kidole hakuna tena kinachobahatishwa, ina kasi yake ya kupanda, ina mizunguko yake kwa sekunde, kuna uzito unaoivuta chini na hewa inayoipinga kidogo, na hayo tu ndo yanaamua italala upande gani. Mwanahisabati wa Marekani Persi Diaconis na wenzake walitengenezewa mashine ya springi inayorusha sarafu, ukiiweka sarafu vile vile na springi ikafyatuka vile vile, inalala upande ule ule kila mara. Kwenye utafiti waliouchapisha 2007 wakapiga hesabu kwamba hata sarafu ya kurushwa kwa mkono inapendelea kidogo kurudi upande ulioanza juu, kama asilimia 51 hivi. Mwaka 2023 watafiti wengine wakatoa matokeo ya watu 48 waliorusha sarafu mara 350,757 (hebu fikiria uvumilivu huo) na wakapata asilimia 50.8. Yani ile "nusu kwa nusu" tunayoiamini imo kwenye kutetemeka kwa vidole vyetu, haimo ndani ya sarafu. Vidole vikitulia kama springi, bahati yote inayeyuka.

Kwa bahati ya aina hii msomaji wenu yuko sahihi kabisa. Na hakuwa wa kwanza, mwaka 1814 mwanahisabati Laplace kule Ufaransa aliandika kuhusu akili kubwa kiasi cha kujua mahali ilipo kila chembe na nguvu zote zinazoisukuma, akasema kwa akili hiyo kesho ingekuwa wazi kama jana. Jambo ambalo watu hawaligusi ni kwamba maneno hayo yako kwenye kitabu chake cha uwezekano! Mtu huyo huyo aliyesema hakuna kinachotokea kwa kubahatisha ndo aliyejenga sehemu kubwa ya hesabu za kubahatisha. Kwake uwezekano ulikuwa ni kipimo cha kiasi tusichokijua.

Na hapa kuna kosa ambalo makala yenu ililifanya bila kujitambua, kudhani kwamba kikishindikana kutabirika basi hakina sababu. Sio hivyo. Mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani Edward Lorenz mwaka 1961 alikuwa na programu ndogo ya hali ya hewa kwenye kompyuta, milinganyo 12 tu, akataka kurudia sehemu ya hesabu aliyokwisha kuifanya, akachukua namba kutoka kwenye karatasi iliyochapwa akaiingiza: 0.506. Ndani ya kompyuta namba yenyewe ilikuwa 0.506127, ila karatasi ilikuwa imekatwa zile tarakimu za mwisho. Akatoka kidogo, aliporudi akakuta hali ya hewa ya kwenye karatasi mpya imeanza sawa na ile ya zamani, ikaachana nayo kidogo kidogo, mwisho hazifanani hata kwa kusingizia. Tofauti ya sehemu moja kwa elfu chache. Kompyuta ile haikubahatisha hata mara moja, kila hatua ilitokana na hatua ya nyuma yake, na bado hakuna ambaye angeweza kutabiri mbali kwa kutumia ile karatasi. Mwanahisabati Mfaransa Poincaré alishaonya kuhusu hili nusu karne kabla yake. Kwahiyo kutotabirika ni habari ya sisi na vipimo vyetu, kukosa sababu ni habari ya kitu chenyewe, na hizo ni habari mbili.

Sasa tuje kwenye atomi, ambako mambo yanabadilika kweli.

Darasani nina kaunta ya Geiger ya zamani, kifaa kinacholia tik kila kinapopata mionzi. Siku ya somo la mionzi siweki chochote mbele yake, naiwasha tu, manake mionzi ya kawaida kutoka kwenye mawe na angani inatosha. Wanafunzi wanategemea kusikia kitu kama saa, tik, tik, tik. Wanachosikia ni tik moja, alafu tatu zinafuatana kama mtu amekwaruza meza kwa kucha, alafu kimya kirefu mpaka mmoja anauliza kama imezimika, alafu tik. Tunahesabu dakika moja moja: 23, 31, 19, 27, 26. Kila mwaka kuna mtoto anayefumba macho akijaribu kubahatisha tik inayofuata na kila mwaka anashindwa, na hata ukimpa mashine zote za dunia angeshindwa vile vile.

Ngoja nieleze kinachonishangaza mpaka leo. Chukua radiamu, ile metali ya mionzi, aina ya 226. Nusu-maisha yake ni miaka kama 1600, maana yake ukiwa na fungu kubwa la viini vya atomi zake, baada ya miaka 1600 nusu vitakuwa vimevunjika. Baada ya mingine 1600, nusu ya vilivyobaki. Hebu tulia hapo. Kiini kilichodumu miaka 1600 bila kuvunjika hakijachoka. Hakijazeeka. Uwezekano wake wa kuvunjika kesho ni ule ule wa kiini kilichozaliwa leo asubuhi. Mtu wa miaka 80 hayuko hivyo, tairi lililotembea kilomita elfu 60 haliko hivyo, vitu vyote tunavyovijua vinabeba alama ya muda uliopita, kinachokaribia mwisho kinaonekana kimekaribia mwisho. Kiini cha radiamu hakibebi alama yoyote. Wanasayansi Rutherford na Soddy waliligundua jambo hili la uvunjikaji mwaka 1902, na watu wakajaribu kuwasha moto, kugandisha, kukandamiza, kasi ikabaki pale pale. Viini viwili vinavyofanana kwa kila kitu ambacho fizikia inakijua, kimoja kinavunjika saa hii, kingine kinasubiri miaka elfu tatu. Ukiuliza "kwa nini hiki na sio kile" nadharia ya kwanta haina jibu, na haisemi kwamba jibu lipo ila limefichwa, inakaa kimya.

Hapa ndo mwandishi wenu aliporuka na kusema, basi, hakuna sababu.

Subiri kwanza. Gramu moja ya radiamu inatoa mivunjiko kama bilioni 37 kila sekunde, na hiyo namba haiyumbi ovyo. Uwezekano wa kila kiini unajulikana, na unatokana na jinsi kiini kilivyojengwa. Uraniamu 238 inachukua miaka bilioni 4.5 kufika nusu, iodini 131 siku 8 tu. Tofauti hiyo haikuangukia tu. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na hizi namba nazo zimeundwa: idadi ya protoni na nyutroni (chembe zinazojenga kiini), nishati iliyomo ndani, ukuta ambao chembe inayotoka lazima iupenye. Hata ile 23, 31, 19 ya darasani kwangu ina nidhamu yake, ukihesabu mpaka mia tegemea kuyumba kama kumi, ukihesabu mpaka elfu kumi tegemea kuyumba kama mia, yani asilimia moja tu. Kadiri unavyokusanya vingi ndivyo bahati inavyojifunga yenyewe.

Na kuna jaribio moja ambalo natamani lingekuwa maarufu kuliko lile la kufikirika la paka wa Schrödinger. Kuna metali iitwayo reniamu 187, nusu-maisha yake ni kama miaka bilioni 42, ndefu kuliko umri wa ulimwengu mara tatu. Mwaka 1996 wanafizikia kule Darmstadt, Ujerumani, walitoa matokeo yao baada ya kuzivua atomi za reniamu elektroni zake zote 75, viini vikabaki uchi vikizungushwa kwenye pete kubwa ya sumaku. Nusu-maisha ikashuka mpaka miaka 33 hivi. Kutoka bilioni 42 mpaka 33! Sababu yenyewe inaeleweka: nishati inayopatikana kiini kinapovunjika ni ndogo mno, na kiini kikiwa uchi elektroni inayozaliwa inapata nafasi tupu ya kukaa karibu kabisa na kiini, ambayo kwenye atomi ya kawaida imeshajaa, kwahiyo mlango uliokuwa umefungwa unafunguka.

Angalia vizuri kilichotokea pale. Hakuna mtu aliyeweza kusema kiini gani kitavunjika lini, si kabla ya kuvua elektroni wala baada. Bahati ilibaki bahati. Lakini watu walifanya kitu, na kile kitu kikasababisha mivunjiko ambayo isingekuwepo. Kama hiyo sio sababu mimi sijui sababu ni nini. Sababu pale haikulazimisha tukio moja moja, ilishika uwezekano ikaupandisha. Mwanafizikia Mjerumani Max Born, ambaye mwaka 1926 ndo alileta wazo kwamba wimbi la kwanta linatupa uwezekano (na kile kipengele muhimu kabisa, kwamba ukubwa wa wimbi lazima uuzidishe kwa wenyewe, kiko kwenye tanbihi chini ya ukurasa), aliliona hili siku zile zile: chembe zinafuata sheria za uwezekano, lakini uwezekano wenyewe unasafiri kwa kufuata sheria ya sababu na matokeo. Ningependa makala yenu ingekuwa na hilo moja tu.

Najua msomaji wenu wa barua atasema, sawa, lakini huenda ndani kabisa kuna kitu hatujakiona, kama kidole kwenye ile sarafu. Ni wazo la heshima. Einstein alilishikilia mpaka kufa, na wengi wanajua ile barua yake kwa Born ya Desemba 1926 kuhusu Mungu na dadu, ila wachache wanajua kwamba miaka kumi hivi kabla ya hapo yeye mwenyewe ndo aliyeingiza bahati kwenye nadharia ya mwanga, alipoeleza atomi inavyotoa mwanga yenyewe, na akakiri kwamba ni udhaifu wa kazi yake kuacha wakati na upande wa kutoka mwanga viamuliwe na bahati. Lilimuuma. Mwaka 1935 akaandika na wenzake Podolsky na Rosen kwamba nadharia ya kwanta haijakamilika.

Kwa muda mrefu hii ilionekana ni ubishi wa ladha, mpaka mwanafizikia John Bell mwaka 1964 alipoonyesha kwamba unaweza kupimwa. Nitaeleza kwa njia ninayotumia darasani, tafadhali msiruke maana hapa ndo penyewe.

Chukua wanafunzi wawili waweke vyumba tofauti, wasiweze kuwasiliana. Kuna maswali matatu, A, B na C, majibu ni ndiyo au hapana, na kila mmoja anaulizwa swali moja tu ambalo mwenzake halijui. Unarudia mara nyingi na jozi nyingi. Unagundua kwamba kila wote wawili wanapoulizwa swali lile lile wanatoa jibu lile lile, bila kukosea hata mara moja. Mwalimu yeyote atasema walikubaliana majibu kabla ya kuingia, na hiyo ndo sababu iliyofichwa ya Einstein. Haya, walikubaliana nini? Lazima wawe na jibu la A, la B na la C. Majibu matatu, aina mbili tu, kwahiyo angalau mawili lazima yafanane. Yani kati ya jozi AB, BC na AC, angalau moja lazima iwe na majibu sawa. Kwahiyo wakiulizwa maswali tofauti, majibu yao lazima yalingane angalau theluthi moja ya mara zote. Huwezi kukwepa hiyo theluthi, jaribu na karatasi uone.

Sasa fotoni (chembe za mwanga) zinazozaliwa pamoja, ukizipima kwa vichujio vilivyogeuzwa nyuzi 0, 60 na 120, hayo ndo maswali yetu matatu, kupita ni ndiyo na kuzuiwa ni hapana, kwa swali lile lile nadharia inasema zilingane kila mara, na kwa maswali tofauti zilingane robo tu. Robo. Iko chini ya theluthi! Hakuna makubaliano ya kabla yanayoweza kutoa robo.

Wanafizikia Clauser na Freedman walipima jambo la namna hii 1972, Aspect na wenzake Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 80, na mwaka 2015 makundi kadhaa, mojawapo la Delft kule Uholanzi lililoweka vituo vyake umbali wa kilomita 1.3, yakaziba mianya mikubwa iliyokuwa imebaki. Kila mara asili iliisikiliza hesabu ya kwanta. Aspect, Clauser na Zeilinger wakapata Nobel 2022. Kwahiyo ile akiba ya majibu iliyofichwa ndani ya chembe, isiyohitaji mawasiliano, imekwisha, na msomaji wenu lazima alimeze hilo.

Lakini, na hapa narudi kwa mwandishi wa makala, hilo halisemi "imethibitika hakuna sababu". Mwanafizikia David Bohm mwaka 1952 alitoa nadharia ambayo kila chembe ina mahali pake na njia yake iliyoamuliwa kikamilifu, inatoa matokeo yale yale ya kwanta, ila bei yake ni kwamba kinachofanywa huku kinagusa kilichoko kule papo hapo bila kujali umbali. Mwenzake Everett mwaka 1957 akaja na njia nyingine kabisa, ambayo wimbi haliporomoki kamwe, yani haliishii kwenye tokeo moja, na matokeo yote yanatokea. Hakuna bahati ya msingi kwenye zote mbili. Mimi binafsi siipendi hata moja kati ya hizo, ya Bohm naiona inalipa bei kubwa mno na ya Everett sijawahi kuelewa neno uwezekano linabaki na maana gani humo, ila kutopenda kwangu sio ushahidi. Vipimo vyenyewe havijachagua.

Na tumeshawahi kuungua hapa. Mwaka 1932 von Neumann, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ile, alitoa kile kilichoitwa uthibitisho kwamba sababu zilizofichwa haziwezekani kwenye kwanta. Watu wakaamini kwa miaka mingi kwa sababu ya jina. Mwaka 1935 mwanamke mmoja Mjerumani, Grete Hermann, mwanafalsafa aliyesomea hisabati, akaonyesha wazi tundu lilipo: dhana moja iliyoingizwa humo haikuwa na haki ya kuwemo. Hakusikilizwa. Ilibidi Bell aligundue tundu lile lile upya miaka ya 60. Mimi huwa nasimama kidogo kwa Hermann ninapofundisha, kwa sababu yeye hakuishia kwenye tundu tu, alisema pia kwamba kutoweza kutabiri sio kupoteza sababu, maana baada ya kipimo kufanyika bado unaweza kurudi nyuma na kueleza mnyororo uliofikisha hapo. Ni hoja niliyoihitaji siku ile na mwanafunzi wangu na haikunijia.

Kuna watakaosema mwalimu unakumbatia neno la kizamani, fizikia haina sababu, ina milinganyo. Mwanafalsafa wa Uingereza Bertrand Russell alisema karibu hivyo mwaka 1912, kwamba sheria ya sababu ni mabaki ya zama zilizopita. Na ni kweli ukiangalia mlinganyo wa Newton huoni mahali palipoandikwa "hiki kimesababisha kile", unaweza kuusoma kwenda mbele au kurudi nyuma. Mwanafalsafa Hume naye kabla yake alisema ukitazama mpira mmoja ukigonga mwingine, unaona mguso, unaona mwendo, huoni "usababishaji" katikati. Sawa. Lakini mtu anayeingia maabara haangalii tu, anashika. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili nyingine ni mshale wa barometa (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kushuka. Usukume mshale kwa kidole uone kama mvua itanyesha. Tofauti kati ya wingu na mshale haionekani kwa kutazama, inaonekana kwa kushika na kugeuza, na wale wa Darmstadt walishika elektroni 75 wakageuza.

Mwanafalsafa wa Uingereza Elizabeth Anscombe alilisema hili mwaka 1971 kwa namna ambayo sijaona iliyo bora. Tumezoea kufikiri kwamba sababu ni kitu kinacholazimisha, sababu ikiwepo tokeo lazima lije. Nani alisema? Unganisha bomu na kaunta ya Geiger, weka kipande cha madini ya mionzi jirani, kiasi kwamba bomu linaweza kulipuka au lisilipuke. Likilipuka, hakuna ubishi lilisababishwa na madini yale yaliyowekwa pale, ingawa halikulazimika. Tokeo limetoka kwenye sababu yake, na kutoka sio kulazimishwa. Ukilielewa hilo, ubishi wa mwandishi wenu na msomaji wenu unakosa miguu, kwa sababu wote wawili wameanzia kwenye dhana moja, kwamba ama kitu kimelazimishwa ama hakina sababu. Mmoja akaona hakijalazimishwa akafuta sababu, mwingine akataka kuokoa sababu akafuta bahati.

Sasa mama wa mwanafunzi wangu.

Seli zinajigawa, na kila zinapojigawa kunaweza kutokea kosa kwenye maandishi yake ya ndani. Kosa lipi na kwenye seli ipi, kuna bahati nyingi hapo, nyingine ya aina ya sarafu, nyingine pengine ya aina ya atomi. Lakini kuna vitu vinavyopandisha uwezekano wa makosa, moshi wa sigara, mionzi, baadhi ya virusi, umri wenyewe, na hivyo ni sababu kamili hata kama wengi waliokutana navyo hawakuugua. Kwahiyo mwanangu, ugonjwa wa mama una sababu, pengine nyingi ndogo ndogo ambazo hakuna daktari atakayezipanga moja moja. Haukutokea tu. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima awe yeye. Ukiwasikia watu wakisema amefanya nini mpaka yakampata haya, ujue wanachukua maswali mawili wanayageuza moja, wanadhani kila sababu ni hukumu.

Na ile mashine anayolala chini yake, nataka uijue. Inapiga fotoni nyingi mno, na hakuna mtu, si daktari wala mwanafizikia wa hospitali, anayejua fotoni ipi itagonga elektroni ipi wala uzi upi wa DNA utakatika. Nyingine zinapita mwilini bila kugusa kitu. Wanachojua ni uwezekano, na wanaujua vizuri kiasi kwamba wanapanga dozi, wanaigawa kwa siku nyingi ili seli nzima zipate muda wa kujitengeneza, wanageuza pembe ili miali ikutane kwenye uvimbe na sio pembeni. Ni ile ile tik isiyotabirika ya kaunta yetu darasani. Matibabu ya mama yako yote yamesimama juu ya bahati hiyo, na yanasababisha kitu.

Ndugu mhariri, ombi langu ni dogo. Kwenye toleo lijalo rekebisheni kile kichwa cha habari. Andikeni kwamba fizikia ya kwanta imetuonyesha matukio ambayo hakuna anayeweza kuyatabiri moja moja, na kwamba wanafizikia bado wanabishana kama chini yake kuna kitu zaidi. Ni sentensi ndefu kwa kichwa cha habari, naelewa, ila itaweza kuingia kwenye aya ya kwanza. Nina kijana mmoja darasani ambaye najua ataitafuta.

Wenu,
Mwalimu wa fizikia